Ndengu Juu ya Mchoro

"Mwaitu, huku Kyuso kansa inaua watu wachache kuliko wastani wa Kenya," Kanyiva alimwambia mamake, akitandaza karatasi ya mchoro mezani. "Mstari wetu ni huu wa chini."

Mama akaacha kuchagua ndengu, akatabasamu. "Msomi wangu, na baba yako umemweka wapi?"

"Hayumo. Tulipoandikisha kifo chake kwa chifu tulisema ni vidonda vya tumbo."

Mama akaweka punje ya ndengu juu ya mstari, polepole, kama anayemlaza mtoto. "Huyu baba yako." Akaongeza nyingine. "Shangazi yako. Jirani yetu. Wote walifia nyumbani." Punje zikapanda, zikaupita mstari wa Kenya.

Kanyiva akamkumbatia, akaona punje moja imebaki kiganjani mwa mama.

"Na hii ni ya nani?"

Mama akafumba mkono.