Dokta Radi Hapatikani

Shekue alifuta ukurasa wake wa uganga kabla ya kupeleka posa kwa kina Saumu. Hata hivyo, ukiitafuta namba yake ya simu mtandaoni, maneno yalikuwa palepale: "Dokta Radi, bingwa wa kurudisha waume waliotoroka."

"Ukurasa umefutika, ila kwenye matokeo ya utafutaji bado umo," alisema Rukaya, mwenye duka la intaneti. "Tunawatumia ombi wenye mtandao wa kutafutia, wanautoa."

"Tuma basi, dada. Wakwe zangu wanamchunguza mtu mpaka babu yake."

Siku ya tatu wakatafuta tena. Hakuna kitu. Shekue akashusha pumzi, akaagiza soda mbili.

Kabla soda hazijafika, akaingia mama mkwe mtarajiwa, amejitanda mtandio hadi puani. Shekue akainama nyuma ya kompyuta.

"Mwanangu," mama alimnong'oneza Rukaya, "nitafutie Dokta Radi. Juzi nilimwona humu mtandaoni, nikachelewa kunakili namba. Baba Saumu ana wiki hajarudi."

Rukaya akatafuta, akatikisa kichwa. Mama akaketi, akaanza kulia taratibu.

Nyuma ya kompyuta, Shekue alikuwa ameshika kalamu. Kiganjani ameshaandika tarakimu nne za mwanzo za namba yake.