Kiboko wa Elfu Kumi na Tano

Nassibu aligonga ubavu wa boti kwa upondo, mara tatu, na kiboko akaibuka.

Abiria wake walipiga ukelele mmoja. Mwanamize alimkumbatia mumewe Zaidi, Zaidi akakumbatia kapu la chakula. Bi Biasha, mama yake Zaidi, alivuta ushungi akaanza dua kwa sauti. Nassibu naye alitoa yowe lake, lile la kila Jumamosi, halafu kwa ushujaa mkubwa akamtandika kiboko upondo wa puani.

Moyoni alikuwa anacheka. Alijua mle ndani yumo Mjomba Muhidini, amechuchumaa kwenye maji ya kifua, kajivika kichwa cha godoro kilichopakwa rangi ya boti. Kazi ilikuwa inalipa, ila vifaa havikudumu. Juzi tu Muhidini alidai godoro la pili. La kwanza, alisema, limeliwa na kaa.

Bango la Nassibu pale dikoni Salale, abiria wanapopandia boti, lilijieleza: "Meli ya starehe, laki tisa, hutishwi. Bembea za mjini, elfu hamsini, unatishwa dakika tatu. Nassibu, elfu kumi na tano, unatishwa asubuhi nzima, na wali juu."

"Mama, si nilisema twende kwenye bembea?" Mwanamize alilia. "Kule kuna mkanda! Ukipiga kelele wanazima mtambo!"

Bi Biasha alikatisha dua. "Na kiingilio je? Unalipa getini, kila bembea unalipa, hata maji ya kunywa unalipa. Mkamwana, hapa woga tumeulipia mara moja. Tulia uutumie."

"Ukasha ndiye mwenye akili," alisema Zaidi, meno yakigongana. Ukasha alikuwa mdogo wake, aliyekataa kupanda boti asubuhi ile. Alisema hanunui woga hata kwa bei ya jumla.

"Watu wa milimani bwana!" Nassibu aliwachokoza. "Maji mmezoea ya mtungini. Mkiona ya mto mnasoma shahada."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa kuwa walikuwa watani. Mwaka jana, siku ya kumzika kaka yake Bi Biasha kule Mtunda, Nassibu alijilaza kaburini kabla maiti haijashushwa, akagoma kutoka mpaka wafiwa wakamchangia elfu kumi. Wazikaji walicheka huku wanafuta machozi. Bi Biasha aliposimuliwa, alisema neno moja tu: "Haya."

Boti ilikata kona ya mikoko, diko likaonekana.

Na pale dikoni, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa Mjomba Muhidini. Mkavu. Kichwa cha godoro kilikuwa magotini mwake.

"Nassibu!" alipaza sauti. "Samahani, mjomba! Mguu umeteguka, leo sijaingia majini! Nimekupigia wee, simu yako haipatikani!"

Nassibu aligeuka polepole, kama mtu mwenye jipu shingoni.

Kiboko alikuwa nyuma yao, hatua kumi hivi. Macho yalikuwa juu ya maji, na yalikuwa yanawafuata.

Nassibu alikulia kwenye mto huu. Alimjua mtu aliyekatwa pamoja na mtumbwi wake kwa mng'ato mmoja, watu wakamzika na mbao kidogo kwa kukosa uhakika kipi ni kipi. Na ni yeye mwenyewe aliyemwita mnyama huyu. Alikuwa amemchapa puani!

"Msijitikise," alinong'ona. "Huyu ni wa kweli."

"Na yule wa mwanzo?" aliuliza Zaidi.

"Ndiye huyu huyu."

Akazima mashine asije akamchokoza. Akashika upondo, lakini ukamponyoka, ukaangukia ndani ya boti. Maji ya kujaa yalikuwa yanawasukuma yenyewe kuelekea dikoni, taratibu mno. Basi akaanza kuungama. Godoro, rangi, mjomba, yowe la kila Jumamosi, vyote alivimwaga. Alitoa fedha kwenye kofia, elfu arobaini na tano yote, akamtupia Bi Biasha mapajani.

"Chukua, bibi yangu. Nisamehe. Kama nimekosa kwa lolote, nisamehe."

"Kwa lolote?" Bi Biasha aliuliza.

"Kwa lolote!"

Kiboko alizama. Maji yakatulia kama hayajawahi kuwa na kitu. Kisha, chini ya miguu yao, ubao wa boti uligongwa. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Nassibu alisoma shahada. Aliisoma kwa sauti, macho kayafumba, kamng'ang'ania Bi Biasha mguu kama mtoto anayepelekwa jandoni. Boti ilipogusa tope alikuwa wa kwanza kuruka. Alitambaa kwa mikono na magoti mpaka kwenye ndoo ya Mjomba Muhidini, akaanguka kifudifudi, akagoma kuinuka.

Bi Biasha alishuka bila haraka, viatu mkononi. Alichomoa noti moja ya elfu kumi, akaisokomeza kibindoni, zilizobaki akaziweka mgongoni kwa Nassibu.

"Hii ya kaburi," alisema. "Hizo nauli yako, mtani. Bembea haioni ndani."

Kisha akauokota upondo, akagonga ubavu wa boti mara tatu. Kiboko alisimama kwa miguu miwili, akavua kichwa, kile cha godoro lililoliwa na kaa.

"Mama," alisema Ukasha, "maji yana baridi."