Mwanga wa Karatasi ya Mkate

Watu wote waliomletea Lusweti tochi walitaka iwake zaidi. Kavoi peke yake ndiye aliyetembea kutoka Kibera mpaka Kongo, kule Kawangware, kuomba yake ipunguzwe.

Ilikuwa tochi ndogo kama kidole, ya kufungwa pamoja na funguo. Lusweti, fundi wa redio, aliiwasha, akaizima, akamtazama Kavoi kama mtu aliyekunywa kitu asubuhi.

"Sasa wewe unataka kuona ama hutaki?"

"Nataka kuona karibu. Hii ukiisongeza kwa kitu inawaka nyeupe tupu, huoni chochote. Halafu inaamsha mtoto."

Ikabidi aeleze, na akishaanza hakuweza tena kunyamaza, maana alikuwa amechoka kuubeba wivu ule peke yake. Mtoto alikuwa Nthenya, wa miezi miwili, aliyepewa jina la mama yake Kavoi. Na Kavoi hakuwa na hakika kama ni damu yake. Pale kwao Kibera, kijiji cha Kambi Muru, kulikuwa na jirani, Musembi, jamaa wa kuchekacheka, aliyemchotea mke wa Kavoi, Mutheu, maji bila kuombwa na kupiga naye soga kupitia ukuta wa mabati. Huyo Musembi alikuwa na vidole viwili vya mguu vilivyoshikana. Kila asubuhi Kavoi aliviona pale mferejini vikiwa ndani ya patipati, na kila asubuhi chai ikamshinda kunywa.

Basi si angemvua mtoto soksi tu, aangalie? Thubutu. Mwanamume akionekana anachunguza miguu ya mtoto mchanga amekwisha sema yote, na nyumba ingevunjika siku hiyo hiyo. Kumwogesha Nthenya ilikuwa kazi ya Mutheu na dada yake, tena waliifanya Kavoi akiwa kazini mjengoni. Jumapili iliyopita, Mutheu alipokuwa mlangoni akifua, Kavoi alijaribu kwa ile tochi, kwa kuwa chumba chao hakikuwa na dirisha. Mtoto alipiga nduru. Mutheu akaingia mbio, povu mikononi, na Kavoi akajitetea ati anatafuta spana. Spana, kwenye blanketi la mtoto.

Lusweti hakucheka. Alisema wanaume kama Musembi anawajua sana, wa maneno matamu, na ni vizuri mtu ajue ukweli wa nyumba yake. Kavoi alimpenda kwa hilo. Huyu alikuwa mtu mzima, tena mtu wa kanisa. Ndiyo sababu mwaka uliopita, redio yao ilipokuwa ikiharibika kila mara, Kavoi alikataa katakata isipelekwe kwa fundi wa pale karibu, rafiki wa Musembi. Alimtuma Mutheu nayo huku Kongo, mbali kabisa na yule jamaa.

Fundi alichukua karatasi ya mkate, ile yenye nta, akakata vipande vya duara, kila kimoja kama kifungo cha shati. Akafungua tochi, akaweka kimoja nyuma ya kioo. Bado kali. Akaweka cha pili, afadhali. Alipoongeza cha tatu mwanga ukatulia, wa manjano, usioumiza jicho.

Kavoi akataka kuhakikisha. Lusweti alikuwa amegeuka kurudisha makasi, na Kavoi akaisongeza tochi kando ya uso wa fundi. Kweli kila kitu kilionekana: mvi, jasho, na mbele ya sikio, pale linapoanzia juu ya shavu, tundu dogo mno, kama limechomwa sindano.

"Kwani ulitoboa kama wasichana?" akamtania.

Lusweti akaweka kidole pale. "Hiyo nimezaliwa nayo."

Alikataa kulipwa. Alisema hiyo ni ya mtoto, akamsindikiza Kavoi mpaka mlangoni.

"Angalia miguu tu," akamwambia. "Halafu umwache mtoto alale."

Jumapili Mutheu akatoka tena na karai lake, redio ikiimba kwaya kando yake. Kavoi akavuta pazia la mlangoni, akapiga magoti kando ya kitanda. Akavuta soksi ya kwanza polepole, akasongeza tochi. Nthenya hakushtuka.

Vidole vitano, kila kimoja peke yake. Akavua soksi ya pili. Vitano vingine, vizuri kabisa, hakuna kilichomshika mwenzake.

Kavoi akakaa chini sakafuni, na machozi yakamtoka bila kuombwa. Miezi miwili alikuwa amemnunia mke wake bure. Miezi miwili hakuwa amempakata mtoto huyu hata mara moja kwa moyo mweupe. Akajiapia kwamba jioni hiyo angemnunulia Mutheu nyama, na Musembi naye angemsalimia kesho kama binadamu. Akamvisha mtoto soksi zake, moja, ya pili, kisha akainama ambusu.

Nthenya akageuza kichwa usingizini. Kofia yake ya sufu ikateleza nyuma. Tochi ilikuwa bado inawaka mkononi mwa Kavoi, mwanga wake mtulivu, wa manjano, usioumiza jicho, na mbele ya sikio la mtoto, pale linapoanzia juu ya shavu, palikuwa na tundu dogo mno, kama limechomwa sindano.

Nje redio ikakwaruza, ikanyamaza.

"Baba Nthenya," Mutheu akaita kutoka kwenye karai, "hii redio imekufa tena. Kesho niipeleke Kongo?"