Semina ya Kuogelea

Jogoo, mwenyekiti wa chama cha kuwaendeleza vijana, aliandaa semina ya kuwafundisha vifaranga wa Bata kuogelea. Tangu asubuhi walikalishwa juani ukingoni mwa mto, na fulana zao za chama, wakimsubiri mgeni rasmi aje kufungua.

"Mwenyekiti, hawa wanajua kuogelea tangu wazaliwe!" Bata alisema kwa mara ya tano. "Waache basi waingie majini!"

"Mama, tuheshimu ratiba!" Jogoo alifoka, akarudi nyuma kwa madaha, akateleza, chubwi, mtoni.

Vifaranga wakajitosa na fulana zao, wakamkokota mpaka nchi kavu. Jogoo akakohoa, akatema maji, akatunisha kifua.

"Mmeona matunda ya semina yetu? Jipangeni tupige picha!"

Bata akashusha pumzi, akawageukia wanawe.

"Mrudisheni mlikomtoa."