Makopo ya Bei Kali

Zamda alifungua friji kumtafutia mgeni maji, akakuta pilau. Pilau tele, na minofu yake, imefungiwa ndani ya makopo ya mke wa mwanawe, yale ya bei kali yenye vifuniko vya kubana hata hewa isipite.

Na mgeni, shemeji yake aliyevuka mpaka na njaa yake, ametoka kuambiwa chakula kimeisha!

"Mama, hiyo iko ya kesho," mkwe alinong'ona. "Humo haiharibiki."

"Kumbe ulinunua makopo ya kuficha watu chakula! Tangu lini mutu anatoka kwangu Gisenyi anarudi Goma na njaa?"

Akayabeba yote hadi sebuleni, akayatua mapajani mwa mgeni.

"Kula, shemeji. Yenye itabaki, pelekea watoto. Na makopo usirudishe."