Kiazi Bila Kilemba

Haya, nitegulieni hiki: shambani amejifukia, sikukuu ikifika anavikwa kilemba cheupe. Ni kiazi kitamu cha Siku ya Shukrani ya Wamarekani, kinachopondwa pamoja na sukari, kikaokwa chini ya peremende nyeupe laini.

Mwaka huu Verdell alikiweka mezani kwa wakwe zake bila kilemba, kimenyunyiziwa njugu na mdalasini tu.

Kijiko cha mama mkwe kiligonga ukingo wa bakuli, kikasimama. “Mkwe wangu, nani kakutuma uyaharibu mapishi ya marehemu mama yangu?”

Verdell alikuwa ameapa kunyamaza.

“Nauliza, au kiazi ndicho kitakachonijibu?”

Baba mkwe akaisogeza sahani yake mbele. “Mimi, mama watoto. Nina kisukari, na daktari ameanza kuzungumzia kuukata mguu.”