Uyoga wa Kichuguuni

Mvua ilikuwa imenyesha juzi, na kichuguu cha kando ya njia, katika msitu wa mto Tana, kilikuwa kimejaa uyoga mweupe. Mwikali aliinama auchume, akasita. Kuna mtu alikuwa amemtangulia kuchuma.

Nani? Wenyeji wa Garissa hawali uyoga. Hata kuugusa huona kinyaa. Na huyu hakuukata wala kuukwanyua. Aliuzungusha taratibu ukatoka na shina lake lote, akafukia kila shimo, kisha akalaza jani juu yake, tumbo la jani likitazama juu.

Hivyo ndivyo mama yao alivyowafunza kule Kitui, yeye na kaka yake, ili uyoga urudi mvua nyingine.

Kaka aliyetoroka kambi ya jeshi mwezi uliopita. Kaka anayesakwa kila kichaka, kwa kuwa wanadhani amejiunga na waasi wa shifta.

Mwikali akainua jani moja. Udongo uliokuwa chini yake ulikuwa bado mbichi.

“Umeona nini, dada?” aliuliza askari Msomali aliyekuwa akimsindikiza yeye na wanawake wenzake kutoka sokoni. Akaanza kusogea, macho ardhini. Alisifika kwa kusoma nyayo.

“Uyoga.”

“Ile kitu nyinyi munakula?”

“Huu ni wa sumu. Ukiukanyaga tu, mguu unavimba.”

Askari akasimama papo hapo, akatema mate, akageuka.

Mwikali akalirudisha jani mahali pake. Kisha akafungua pindo la leso, akaiweka juu ya jani ile chumvi aliyotoka kuinunua, ingali kwenye karatasi yake.